ARDHI AU WAZAZI? NI NINI KINACHOMFANYA MTU KUWA RAIA

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa elimu ya wanachama. Tunaichapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile, na kwa matawi ya mbali.)



Nimeombwa niseme juu ya uraia. Najua wako watakaouliza, chama cha wafanya kazi na uraia, wapi na wapi? Sisi kazi yetu ni mishahara, saa za kazi, likizo na malipo ya uzeeni. Uraia ni maneno ya mawakili na ya wakubwa wa serikali.

Jibu langu ni fupi. Mtu asiyehesabiwa kuwa raia hana kitambulisho. Asiye na kitambulisho haandikishwi NSSF, hafungui hesabu katika benki, wala hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake. Akidhulumiwa mshahara anaogopa kwenda kushitaki, kwa maana neno la kwanza atakaloulizwa ni, "Karatasi zako ziko wapi?" Mtu kama huyo akisimama mlangoni pa kiwanda, tajiri anajua kwamba atakubali nusu ya mshahara. Na siku atakapokubali nusu, wewe uliye na kitambulisho utapata taabu kudai mshahara mzima. Kwa hivyo jambo hili limo katika mfuko wako, ndugu, hata kama wewe na babu yako mlizaliwa hapa hapa.

NJIA MBILI

Sheria za dunia zina njia mbili kubwa za kumjua raia wa kuzaliwa. Njia ya kwanza ni ya ardhi. Mtoto anaulizwa, "Umezaliwa wapi?" Kama amezaliwa ndani ya mipaka ya nchi, ni raia, hata wazazi wake wakiwa wametoka mwisho wa dunia. Njia ya pili ni ya wazazi, ambayo wengine huiita njia ya damu. Mtoto anaulizwa, "Wewe ni mwana wa nani?" Kama baba au mama ni raia, naye ni raia, hata akizaliwa melini katikati ya bahari.

Waingereza tangu zamani walifuata ardhi. Mwaka wa 1608 majaji wao waliamua kwamba mtoto aliyezaliwa mahali palipo chini ya utii wa mfalme ni mtu wa mfalme huyo. Wakaichukua sheria hiyo katika makoloni yao, ikafika Marekani, na baadaye ikafika kwetu. Wafaransa, katika kitabu chao cha sheria cha mwaka wa 1804, walifuata wazazi. Wala msidhani kwamba njia moja ni ya watu wema na nyingine ni ya watu wabaya. Kila moja imewasaidia wengine na kuwaumiza wengine. Nitawapa mifano, na mtaona kwamba wote walio katika mifano hii ni wafanya kazi kama sisi.

MPISHI WA SAN FRANCISCO

Marekani palikuwa na aibu kubwa. Mwaka wa 1857 Mahakama Kuu yao iliamua katika kesi ya Dred Scott kwamba mtu mweusi, ambaye wazee wake waliletwa kama watumwa, hawezi kuwa raia wa Marekani, hata akiwa amezaliwa pale. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikapiganwa, utumwa ukafutwa, na mwaka wa 1868 wakaongeza katika Katiba yao badiliko la 14. Maneno yake ni mepesi: kila mtu aliyezaliwa Marekani, na aliye chini ya mamlaka yake, ni raia.

Basi palikuwa na kijana jina lake Wong Kim Ark, mpishi, aliyezaliwa San Francisco mwaka wa 1873. Wazazi wake walikuwa Wachina wenye duka mjini humo. Mwaka wa 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwafungia mlango vibarua wa Kichina, na wazazi wale hawakuruhusiwa kamwe kuwa raia. Mwaka wa 1894 Wong alikwenda China kuwatazama jamaa zake. Aliporudi mwaka wa 1895, mkubwa wa forodha alimzuia asishuke. Akawekwa melini miezi, akitolewa meli hii na kutiwa meli ile, huku mji aliozaliwa anauona kwa macho. Serikali ilisema: baba ni wa mfalme wa China, kwa hivyo na mwana ni wa mfalme wa China.

Kesi ilikwenda mpaka Mahakama Kuu, na mwezi wa Machi mwaka wa 1898 majaji sita wakamwunga mkono, wawili wakakataa. Walisema kwamba maneno "chini ya mamlaka yake" yanawaacha nje watu wachache tu: watoto wa mabalozi, watoto wa jeshi la adui lililoteka nchi, na siku zile Wahindi Wekundu waliokuwa chini ya makabila yao. Hao wa mwisho walipewa uraia kwa sheria ya mwaka wa 1924. Mtoto wa mpishi, wa dobi au wa kibarua hayumo katika hao. Yu chini ya sheria za nchi, anashikwa na polisi wa nchi, anatozwa kodi ya nchi. Basi ni wa nchi.

Sasa sikizeni neno moja lisilo tamu. Miaka ile vyama vya wafanya kazi vya Marekani vilikuwa mbele katika kudai Wachina wafungiwe mlango. Samuel Gompers, kiongozi wao mkubwa, aliunga mkono jambo hilo kwa nguvu. Waliona Mchina analipwa kidogo, wakamchukia Mchina, badala ya kumchukia yule aliyekuwa akimlipa kidogo. Kesi ya haki ya kibarua ikaachiwa mawakili wa jamii yake mwenyewe, na vyama vikawa upande wa pili. Hilo ni funzo kwetu.

Hoja hii haikuisha. Siku ya 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri kwamba mtoto asihesabiwe kuwa raia ikiwa mama yake yuko nchini bila ruhusa au kwa ruhusa ya muda tu, na baba si raia wala mkazi wa kudumu. Siku tatu baadaye jaji wa Seattle aliizuia amri hiyo, na majaji wengine wakafuata. Mwezi wa Juni mwaka huo Mahakama Kuu iliamua juu ya uwezo wa majaji wa chini kuzuia amri kwa nchi nzima, bila kugusa kiini cha neno. Na mwezi wa Desemba 2025 ikakubali kusikiza kiini chenyewe. Wanaoitetea amri wanasema "mamlaka" maana yake ni utii kamili, na mgeni wa kupita hana utii huo. Wanaoipinga wanasema hayo yalikwisha amuliwa mwaka wa 1898. Ni maneno yale yale ya mpishi.

WAKATA MIWA WA DOMINIKA

Mfano wa pili ni wa Jamhuri ya Dominika, nchi ya miwa katika bahari ya Karibi. Kwa miaka mingi makampuni ya sukari ya huko, na serikali yenyewe, walileta vibarua kutoka Haiti, nchi jirani, kukata miwa. Walikaa katika kambi za mashamba, wakazaa watoto na wajukuu. Katiba ya tangu mwaka wa 1929 ilisema kwamba kila anayezaliwa nchini ni raia, isipokuwa mtoto wa balozi na mtoto wa mgeni aliye mpita njia.

Siku ya 23 Septemba 2013 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba wakata miwa waliokaa nchini bila karatasi za ukazi walikuwa wapita njia. Mtu amekata miwa miaka thelathini katika shamba moja, ati ni mpita njia! Tena uamuzi huo ukarudishwa nyuma mpaka mwaka wa 1929. Watu wazima wenye vyeti vya kuzaliwa, waliokwisha piga kura, waliamka asubuhi wakaambiwa wao si raia, na hawajapata kuwa raia. Dunia ilipiga kelele, na mwaka wa 2014 Bunge likapitisha sheria ya kuwarudishia uraia wale ambao majina yao yalikuwa yameandikwa katika daftari la serikali. Wale ambao kuzaliwa kwao hakukuandikwa walibaki wakihangaika.

Shikeni mambo mawili hapo: sheria inayorudi nyuma, na daftari la kuzaliwa. Tutayakuta tena karibu na kwetu.

KWETU KENYA

Sasa nije nyumbani, maana hapa ndipo penye shughuli yetu.

Siku ya uhuru, 12 Desemba 1963, Katiba iliweka mambo hivi. Aliyezaliwa Kenya kabla ya siku hiyo, na mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa Kenya, alikuwa raia mara moja. Aliyezaliwa Kenya lakini wazazi wake wote wawili walizaliwa nje, hakuwa raia mara moja. Alipewa miaka miwili, mpaka 12 Desemba 1965, aende mwenyewe kuomba kuandikishwa. Na mtoto atakayezaliwa Kenya baada ya uhuru, Katiba ilimfanya raia kwa ardhi tu, isipokuwa mtoto wa balozi au wa adui. Kwa hivyo kwa watu wazima tulitazama ardhi na wazazi pamoja, na kwa watoto wa uhuru tulitazama ardhi peke yake.

Wahindi wengi walioshindwa au waliosita kujiandikisha katika miaka ile miwili walibaki na pasi za Uingereza. Wengi wao walikuwa mafundi, makarani na watu wa reli. Mwaka wa 1968 Uingereza nayo ikapitisha sheria ya haraka: mwenye pasi yake hataingia bila kibali ila awe yeye, au mzazi wake, au babu yake, amezaliwa au amepewa uraia kule Uingereza. Huku walikosa kwa sababu ya wazazi, na kule wakakosa kwa sababu ya wazazi.

Halafu mwaka wa 1985 Katiba yetu ikabadilishwa. Tangu hapo, kuzaliwa Kenya peke yake hakukutosha. Ilibidi mmoja wa wazazi awe raia wa Kenya siku ya kuzaliwa mtoto. Uingereza yenyewe ilikuwa imeiacha njia ya ardhi peke yake tangu Januari 1983, na nchi nyingine zikafuata, hata Ireland kwa kura ya wananchi mwaka wa 2004. Hayo ni mashauri ya kila nchi. Lakini badiliko letu lilirudishwa nyuma mpaka siku ya uhuru. Mtoto aliyekuwa raia kwa ardhi tangu mwaka wa 1963, 1970 au 1980, akaondolewa ardhi chini ya miguu.

Chukueni mfano wa Makonde wa Kwale. Wazee wao walitoka Mozambique, iliyokuwa koloni la Wareno mpaka mwaka wa 1975. Waliletwa siku za Waingereza kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa huku Pwani, na wengine wakaja baadaye kwa ajili ya vita na taabu za kwao. Wao hawakuwa watu wa Mwingereza, kwa hivyo Katiba ya 1963 haikuwagusa. Watoto wao waliozaliwa hapa kabla ya uhuru hawakuingia, kwa sababu wazazi wote wawili walizaliwa nje. Ni nani aliyekwenda katika kambi za mkonge kuwaeleza juu ya kujiandikisha kabla ya Desemba 1965?

Sasa mchukueni mtoto wa Kimakonde aliyezaliwa kambini mwaka wa 1970. Kwa sheria ya siku ile alikuwa raia wa Kenya tangu kilio chake cha kwanza. Lakini hakuzaliwa hospitali, hakuandikwa katika daftari, na mama yake hakujua kwamba mwanawe ana haki ambayo yeye mwenyewe hana. Alipofika miaka kumi na mitano sheria ikabadilika. Alipofika kumi na minane akaenda kuomba kitambulisho, akaulizwa kitambulisho cha baba. Baba hana. Akarudi shambani, kwenye kazi ile ile ya baba na mshahara ule ule wa kibarua. Na mwanawe akaja kuulizwa vivyo hivyo. Hapo ndugu zangu mnaona ubaya wa njia ya wazazi inaposimama peke yake: mtu anarithi ukosefu wa karatasi kama mwingine anavyorithi shamba.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Makonde walipewa jembe. Walilishika zaidi ya miaka sabini, na bado waliitwa wageni.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilirekebisha mengi. Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku ya kuzaliwa kwake mama au baba ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Zamani mtoto aliyezaliwa nje alikuwa raia kwa baba tu. Mama Mkenya hakuhesabiwa. Sasa mama ni sawa na baba. Tena kifungu hicho kinarudi nyuma, kuwapa haki hata waliozaliwa kabla ya 2010. Angalieni tofauti: badiliko la 1985 lilirudi nyuma kunyang'anya, na la 2010 likarudi nyuma kutoa. Lakini njia ya ardhi haikurudishwa.

Mwaka wa 2011 ikapitishwa sheria ya uraia iliyofungua mlango kwa watu wasio na nchi waliokaa Kenya tangu kabla ya uhuru, na kwa watoto wao. Mlango uliwekewa miaka mitano, na waziri akapewa uwezo wa kuongeza mitatu. Miaka mitano ikapita, na Makonde hawajaona kitu. Mwezi wa Oktoba 2016 waliamua wenyewe. Wanaume, wanawake na wazee walifunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais, wakianza kwa miguu. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akatoa amri waandikishwe, na mwezi wa Februari 2017 akaenda Kwale kuwapa vitambulisho. Wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya.

Wengine wakafuata. Washona, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe na kufika hapa karibu na wakati wa uhuru, walitangazwa siku ya Jamhuri mwaka wa 2020 na wakapewa vyeti mwaka wa 2021. Wapemba, wavuvi wa Pwani yetu, walitambuliwa mwaka wa 2023. Na ndugu zetu Wanubi wa Kibera, ambao babu zao walikuwa askari wa Mwingereza, walikuwa na shida ya namna nyingine: kila kijana wao akiomba kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati kuhojiwa, wakati kijana wa kabila jingine hakuhojiwa. Watoto wao walipelekewa kesi mbele ya Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto, na mwezi wa Machi 2011 Kamati ikaamua kwamba Kenya imevunja haki zao. Desturi hiyo ya kuhoji iliwatesa pia watu wa Kaskazini na wa mipakani, mpaka Rais William Ruto alipotia sahihi amri ya kuiondoa, kule Wajir, mwezi wa Februari 2025. Kazi ya matawi ni kutazama kama makarani wanaifuata.

TUPIME HOJA

Wanaotetea njia ya wazazi wana maneno ya kweli. Wanasema mwacha asili ni mtumwa. Uraia si kuangukia mahali, ni kuwa wa watu fulani. Fikirini dada zetu waliokwenda Saudia na Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Mmoja wao akizaa huko, njia ya ardhi haimsaidii kitu, kwani nchi ile haimpi mtoto uraia kwa kuzaliwa pale. Ni njia ya wazazi, na hasa neno lile "mama" la Katiba ya 2010, ndilo linalomfanya mtoto huyo kuwa Mkenya. Kwa hivyo mtu asiniambie tuifute njia ya wazazi. Ni mkono mrefu wa nchi unaomfikia mwanawe aliye mbali.

Wanaotetea ardhi nao wana maneno ya kweli. Kuzaliwa mahali ni jambo la kushuhudiwa. Mkunga ameona, jirani ameona, kadi ya zahanati ipo. Lakini ukidai uraia wa mzazi, lazima uuthibitishe kwa uraia wa mzazi wake, na wa babu, mpaka unafika mahali ambapo hapakuwa na karatasi kabisa. Maskini ndiye anayeshindwa kwanza. Tajiri mwenye hati za miaka mia haulizwi.

Nchi nyingi siku hizi zimechanganya njia hizi mbili, nami naona hiyo ndiyo busara. Swali kubwa kwetu ni hili: mtoto anayekosa kwa njia zote mbili, aende wapi?

Katiba yetu ina jambo la ajabu kidogo. Kifungu kile kile cha 14 kinasema mtoto anayeonekana kuwa chini ya miaka minane, akikutwa Kenya na wazazi wake hawajulikani, huhesabiwa kuwa raia wa kuzaliwa. Ni sheria nzuri, ya huruma. Lakini mtoto aliyezaliwa Kenya, mama yake anajulikana, analelewa vizuri, ila mama huyo hana uraia wa nchi yo yote, Katiba haimpi kitu. Aliyeokotwa njiani ana nchi, na aliyelelewa na mama yake hana! Je, sheria inataka mama amtupe mwanawe ndipo apate kitambulisho?

Dawa yake imekwisha andikwa. Mkataba wa Afrika wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliukubali mwaka wa 2000, unasema katika kifungu cha 6 kwamba mtoto apewe uraia wa nchi aliyozaliwa ikiwa wakati wa kuzaliwa hakupewa uraia na nchi nyingine. Haisemi kila mtoto wa kila mpita njia. Inasema yule tu ambaye vinginevyo angebaki bila nchi. Hilo halimnyang'anyi mtu kitu.

Nimesikia neno jingine mitaani: "Tukiwapa karatasi watatunyang'anya kazi." Ndugu, hao tunaowasema wako kazini tayari. Wako mashambani, wako majumbani, wako katika mitumbwi. Kinachoshusha mshahara wako si karatasi ya mwenzako, ni kukosa kwake karatasi. Mwenye kitambulisho anaweza kusema "sitaki" mbele ya nyapara. Asiye nacho anasema "ndiyo, bwana."

Tena Katiba yetu katika kifungu cha 41 haikusema "kila raia" ana haki ya kujiunga na chama na kugoma. Ilisema "kila mfanya kazi." Neno hilo tulishike sana. Makhan Singh, aliyeanzisha chama cha wafanya kazi wa rangi zote mwaka wa 1935, hakuzaliwa Kenya wala baba yake hakuzaliwa Kenya. Alizaliwa Punjab mwaka wa 1913. Mwingereza alimkamata mwezi wa Mei 1950 na hakumwachia mpaka Oktoba 1961, kwa sababu ya wafanya kazi wa Kenya na uhuru wa Kenya. Kama kadi ya chama ingetolewa kwa kuuliza baba yako alizaliwa wapi, tungalimkosa mtu huyo.

MAMBO YA KUFANYA

Naleta mashauri manne, Bwana Mwenyekiti, myajadili katika matawi.

La kwanza. Kila mwanachama aandikishe mtoto wake mapema, kabla ya miezi sita kwisha. Cheti cha kuzaliwa si cheti cha uraia, lakini ni msumari wa kwanza wa nyumba. Mliona Dominika: walioandikwa katika daftari walirudishiwa, wasioandikwa walihangaika.

La pili. Wajumbe wa mashambani na viwandani waulize, kwa siri na kwa heshima, ni nani kambini hana kitambulisho na kwa nini. Wasiandike majina mahali ambapo tajiri atayaona. Kazi ni kumsindikiza mtu afisini, si kumwanika.

La tatu. Mfanya kazi asiye na karatasi asikataliwe mlangoni pa chama. Akidhulumiwa mshahara, shitaka lake ni letu.

La nne. Chama kipeleke azimio kwa Bunge, sheria iseme wazi kwamba mtoto anayezaliwa Kenya, ambaye vinginevyo hatakuwa na uraia wa nchi yo yote, ni raia wa Kenya tangu siku ya kuzaliwa. Tusingoje kila jamii itembee kwa miguu mpaka Nairobi. Makonde walitembea kwa sababu sisi tuliokuwa na kadi, na mikutano, na mashini ya kuchapa, hatukutembea nao.

Nimemaliza. Aliye na swali na aulize.